Msisonye Neti, Sonyeni Mkanda

Kijiwe chetu kimezoea kusonya. Akipita kijana na suruali iliyochanika magotini, ulimi unagonga. Akipita mama kambeba kuku kwenye bodaboda, ulimi unagonga. Juzi alipita dada anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga, rasta zake ndefu kazikusanya kisogoni ndani ya neti ya kufuma, nyeusi, yenye shanga nyekundu kwenye mafundo. Alitusalimia kwa adabu, akaendelea na hamsini zake. Hajafika hata kwenye nguzo ya umeme, mmoja kasonya, wa pili kaitikia, na mzee wa drafti akaacha kete hewani ili naye asonye. Fundi cherehani ndiye aliyetoa maneno: "Sasa huyu anakwenda kusaga mahindi au anakwenda kuozwa?"

Walicheka. Mimi sikucheka, na nilisema palepale kwa nini. Leo nayaandika, maana neno la kijiweni lisipojibiwa linahamia nyumbani, na mwishowe binti wa mtu anaivua neti yake kwa aibu na kwenda kuinamia mashine kichwa wazi.

Kwanza tuliondoe hili la kudhani kwamba neti ya nywele ni urembo uliozuka jana kwenye simu. Mwaka 1935, huko Skrydstrup, kusini mwa rasi ya Jutland nchini Denmark, wataalamu walichimbua tuta la kale wakamkuta msichana aliyezikwa ndani ya jeneza la gogo la mwaloni, yapata mwaka 1300 kabla ya Kristo. Alikufa akiwa na miaka kama 18. Masikioni alikuwa na hereni za dhahabu. Nywele zake zilikuwa zimepangwa zikainuka juu ya paji la uso, na juu yake zimeshikwa na wavu mwembamba wa singa za farasi. Amelala chini ya udongo zaidi ya miaka 3,000 na mtindo wake haukubomoka. Leo yuko Makumbusho ya Taifa mjini Copenhagen. Waliomzika hawakuona kwamba neti ni mzaha; walimvisha na kumsindikiza nayo.

Na si yeye peke yake. Mwaka 1871, Borum Eshøj, karibu na mji wa Aarhus, lilifunuliwa kaburi la mwanamke mtu mzima wa zama hizohizo, naye ana wavu wake wa sufu. Ule ulifanywa kwa ufundi wa kustaajabisha. Nyuzi zinatandazwa kwenye fremu zikiwa zimekazwa juu na chini, halafu fundi anazipitanisha kwa vidole tu, bila ndoano. Kila mpishano anaoufanya upande wa juu unajitokeza wenyewe upande wa chini, kwa hiyo kazi inakua kutoka pande mbili kuelekea katikati. Pale katikati pasipofungwa, yote inafumuka. Nilipoeleza hayo, fundi cherehani aliacha kusonya akauliza fremu ilikuwa na ukubwa gani. Hapo nikajua kwamba mtu wa kazi akisikia habari za kazi hurudi kwenye akili yake.

Baadaye wavu ukapanda madaraja. Mchoraji Bronzino, miaka ya 1540, alimchora Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Florence, Cosimo wa ukoo wa Medici, akiwa na mwanawe mdogo. Picha hiyo iko Uffizi. Nywele za bibi huyo zimekusanywa ndani ya wavu wa dhahabu na lulu, na mabegani ana mwingine wa namna hiyohiyo. Hakuna aliyemsonya, kwa kuwa alikuwa na mali. Hilo nalo mlishike: lulu zikiwa za tajiri tunaita fahari, shanga zikiwa za msaga unga tunaita maringo.

Akatokea kijana mmoja wa bodaboda akasema hayo ni mambo ya kike, hatuwezi kuyabishania hapa. Haya. Mwishoni mwa karne ya 18, mjini Madrid, vijana wa kiume wa mitaa ya watu wa kawaida, wale walioitwa *majos*, wababe waliovaa koti fupi na kutembea kifua mbele, walifuga nywele ndefu na kuzifunga ndani ya wavu unaoning'inia kisogoni na kishada chake. Goya amewachora. Mpaka leo, katika mji wa Ronda kusini mwa Hispania, kuna siku ya kupambana na mafahali kwa mavazi ya zama zile, iliyoanza mwaka 1954, na baadhi ya wanaume wanaosimama mbele ya pembe za ng'ombe huvaa wavu huo kichwani. Kijana wa bodaboda alinyamaza. Sina haja ya kumshinda. Nataka tu ajue kwamba nywele ndefu, za mwanamume au za mwanamke, zikikaa karibu na hatari hutafutiwa mahali pa kukaa.

Kuna wanaoivaa kwa imani. Wanawake wa Kiyahudi wenye kushika dini, wakiolewa, hufunika nywele zao, na wengi wa Jerusalem na Brooklyn huzitia ndani ya mfuko laini wa kusuka unaotua kisogoni. Wako wanaoivaa kwa asili yao: wanawake wa Katalonia, wakivaa mavazi ya jadi kwa ngoma, huzikusanya nywele kwenye wavu mweusi wenye utepe. Wote hao wangepita hapa tungewasonya pia. Ulimi wetu hauulizi.

Lakini lililonikaa rohoni zaidi ni la wafumaji. Kijiweni hakuna aliyeuliza neti ile imefumwa na nani. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wanawake wa Ulaya na Marekani walitaka neti nyembamba sana, zisizoonekana, za kushika nywele chini ya kofia. Zilifumwa kwa nywele za binadamu, unywele kwa unywele, fundo kwa fundo. Awali kazi hiyo ilifanywa vijijini Ulaya, Bohemia na Alsace. Vita Kuu ya Kwanza vilipofunga njia za biashara, ikashikwa na Uchina, jimbo la Shandong, na bandari ya Yantai, ambayo wageni waliiita Chefoo, ikawa soko kuu la neti za nywele duniani. Wafanyabiashara waligawa nywele vijijini, wanawake na wasichana wakafuma majumbani kwao, neti zikakusanywa, zikakaguliwa, zikapakiwa melini. Malipo yalikuwa kwa idadi, na yalikuwa madogo. Halafu miaka ya 1920 wanawake wa Magharibi wakaanza kukata nywele fupi. Nywele fupi hazihitaji neti. Vidole vilivyokuwa vikilisha nyumba huko Shandong vikakosa kazi kwa sababu ya mkasi wa kinyozi wa New York, na hakuna kijiwe hata kimoja kilichowasikitikia.

Nayasema haya kwa kuwa mnyororo ule haujakatika, umegeuka tu. Nywele za binadamu zinazouzwa madukani Kariakoo zina kichwa zilikotoka. Nyingi zinatoka India, na huko Tirupati mahujaji hunyoa nywele zao hekaluni kama sadaka, kisha nywele hizo hupigwa mnada na kuingia kwenye biashara ya dunia. Anayesonya wigi na anayelivaa, wote wawili hawajui habari za aliyenyolewa. Afadhali neti ya yule dada. Naijua ilipotoka: imefumwa na mama mmoja wa mtaa wa pili, kwa sindano ileile ya kroshia ambayo mama zetu wamefumia vitambaa vya makochi miaka nenda rudi. Vitambaa vile tulivikalia bila shukrani. Kazi hiyohiyo ikifumwa ikakaa kichwani, tunasonya.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hoja ya fundi ilikuwa hiyo: mahali pa kazi hapana mapambo.

Desemba 1941 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanawake kwa ajili ya vita, ikianza na wasioolewa na wajane wasio na watoto, wenye umri wa miaka 20 hadi 30. Wengi waliingia viwandani, kwenye kerezo na drili na mikanda inayozunguka. Walikuja na nywele ndefu zenye mawimbi, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa nyota wa sinema. Na nywele ndefu karibu na chuma kinachozunguka ni msiba. Unywele mmoja ukishikwa unavuta wenzake, na ngozi ya kichwa chini yake imeshikamana na fuvu kwa tishu legelege, kwa hiyo haichaniki kidogo. Inang'oka nzima, wakati mwingine na nyusi na sikio. Ni jeraha baya ambalo mtu hulibeba maisha yake yote.

Waajiri wakatoa kofia. Zilikuwa kofia za kutisha kwa ubaya, na wasichana wakazikwepa au wakaziweka kisogoni wakiacha mawimbi ya mbele yakining'inia. Serikali ikabandika mabango. Mojawapo lilimwonyesha mfanyakazi wa Kisovieti aliyefunika nywele ili dada zake wa Uingereza waige. Marekani, mwaka 1943, serikali ilimwomba mwigizaji Veronica Lake, aliyekuwa maarufu kwa nywele ndefu zilizofunika jicho moja, abadili mtindo kwa kuwa wasichana wa viwandani walikuwa wakimwiga. Akapigwa picha nywele zake zikiwa zimezongwa kwenye mashine ya drili, iwe onyo. Akazifunga. Wizara ya Kazi ya huko, kupitia ofisi yake ya wanawake, ikatoa mpaka kijitabu cha kofia za usalama.

Na wanawake wenyewe walikuwa tayari na jibu lao. Wavu wa kufuma, ule waliouvaa bibi zao miaka ya 1860, ulikuwa umerudi kwenye mitindo, na sinema ya *Gone with the Wind* ya mwaka 1939 iliuonyesha kwa mamilioni ya watu. Uingereza nguo ziliingizwa kwenye mgao tarehe 1 Juni 1941, kila mtu kuponi 66 kwa mwaka, lakini kofia hazikuhitaji kuponi na bei zake zilikuwa za juu. Mwanamke alifumua sweta kuukuu, akachukua ule uzi, akafuma wavu wake jioni moja mbili. Asubuhi akauvaa na kwenda kutengeneza mabomu. Nywele zimetulia, shingo haina joto la kofia, na kichwa kimependeza. Zamu ikiisha anakwenda dansini hivyohivyo. Hapo ndipo namwambia fundi wangu: kinga isiyopendwa haivaliwi. Mwanamke anayeona aibu na kofia yake ataivua msimamizi akigeuka. Mwenye neti yenye shanga nyekundu hataivua, kwa sababu ni yake na imempendeza. Urembo ule ndio unaoibakiza kinga kichwani.

Haki ya jambo niiseme pia: si kila neti inakinga. Matundu mapana yanapitisha ncha, na nywele za mbele zikiachwa nje ni kama mtu hajavaa kitu. Anayefanya kazi na mashine avae kwanza kitambaa au kofia ya kubana, iingize nywele zote mpaka za utosini, kisha neti ya kufuma ije juu yake. Ncha za rasta zikunjwe ndani, zisining'inie. Bila kamba ndefu, bila kishada. Yule dada, kwa kumwangalia tu, alikuwa amefanya hivyo; kitambaa cheusi kilionekana chini ya shanga. Wenzangu waliokaa na vikombe vya kahawa hawakuona.

Lakini ndugu zangu, hata hapo bado tunamzungumzia mwanamke. Mwaka mzima wa picha za Veronica Lake, kidole kilielekezwa kwenye nywele. Mashine nayo je? Uingereza ilikuwa na sheria ya kuzungushia uzio sehemu za hatari za mitambo tangu mwaka 1844, karibu miaka 100 kabla ya mabango yale. Wenye viwanda waliipinga. Mwaka 1855 waliunda umoja wao wa kupigana nayo, na jarida la Charles Dickens, *Household Words*, likawashambulia waziwazi kwa kukubali watu wasagwe ili kuokoa gharama za kufunika shafti. Mwaka uliofuata Bunge likailegeza sheria hiyo. Ilibidi zije sheria nyingine baadaye kuikaza upya. Kwa muda wote huo ilikuwa rahisi zaidi kumsonya msichana kwa nywele zake kuliko kumdai tajiri bati la kufunikia mkanda.

Na kuna mfano wa zama zetu, wa watu maskini kama sisi, ndiyo maana naupenda. Brazil, kwenye mito ya Amazon, majimbo ya Pará na Amapá, familia husafiri kwa mashua ndogo za injini. Shafti ya injini hupita katikati ya mashua, karibu na sakafu, na kwa miaka mingi ilikuwa wazi. Mtoto wa kike anainama kuokota kitu, au mama anainama kukumba maji, nywele zinashikwa. Waliong'olewa ngozi ya kichwa namna hiyo ni wengi, na wengi wao ni wanawake na watoto wa kike. Walioumia na jamaa zao walipaza sauti, na mwaka 2009 ikapitishwa sheria namba 11.970 inayolazimisha injini, shafti na sehemu zote zinazozunguka kwenye mashua zifunikwe. Watoto hufundishwa kufunga nywele na kuvaa kofia, ndiyo, na ni vema. Ila sheria ilianza na chuma.

Sasa twendeni kwenye mashine zetu za kusaga. Nimepita nyingi. Injini huku, kinu kule, katikati mkanda mrefu unakimbia wazi kwenye urefu wa kiuno cha mtu. Pembeni yake kuna mlango mwembamba ambapo wateja wanapita na ndoo, watoto wametumwa, mama ana kanga inayopepea, na dada wa mashine anazunguka humo kutwa nzima akizoa unga. Kifuniko cha mkanda, kama kiliwahi kuwapo, kimeegemezwa ukutani kwa sababu fundi aliyebadilisha mkanda hakukirudisha. Hakuna anayesonya. Tunalipa, tunabeba unga, tunaondoka. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tuna wakala wake wa serikali, OSHA. Mkanda ulio wazi ni jambo la mwenye mashine kuulizwa kabla ya binti kuulizwa habari za kichwa chake.

Mzee wa drafti aliponisikiliza mpaka hapo alisema, "Mwanangu, lakini na wao wapunguze urefu wa hizo nywele." Umri wake nauheshimu, na jibu langu nililitoa kwa heshima: mzee wangu, akikata nywele itabaki kanga. Akivua kanga utabaki mkono wa shati. Tutamkata mpaka wapi? Mkanda uko mmoja tu, na bati la kuufunika, skrubu zake na ujira wa fundi wa kuchomelea ni pesa ambayo mashine inayosaga kutwa inairudisha mapema.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanawake mnaofuma, fumeni neti hizi na muuze kwa bei ya haki, na sisi wengine tulipe bila kubembeleza bei mpaka jasho la mtu liishe thamani. Na wewe unayesoma, kesho ukipeleka mahindi ukakuta mkanda uko wazi, mwite mwenye mashine, mwonyeshe kwa kidole, mwambie aufunike, na usilipe mpaka akupe siku atakayoufunika.